Akiba Haiozi

Akiba haiozi, husema wasemao.
Bibi yangu Bronisława angewaonyesha kitabu chake,
kidogo, jalada la kijani, pembe zimeliwa,
mihuri mia mbili na kumi na mmoja. Nimeihesabu.

Kila tarehe kumi, akitoka zamu ya usiku
kwenye kiwanda cha pamba, vumbi la nyuzi nyusini,
alipanga foleni ya benki
kabla ya foleni ya mkate.
Ahadi ilikuwa nyumba: vyumba viwili, bafu la ndani,
ghorofa yoyote, hata ile ya juu kabisa isiyo na lifti.
Alikisia upana wa madirisha ambayo hayajajengwa
akashona mapazia.

Haba na haba ilikuwa inajaza kibaba.
Hakuna aliyemwambia kwamba kibaba nacho husinyaa.

Kisha bei zikafura
kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.
Krismasi kitabu kilikuwa nusu ya nyumba.
Pasaka kilikuwa mlango na kitasa chake.
Viazi vilipochimbwa, karani mmoja mwenye mafua
alimwambia bila kuinua macho
kuwa kwa fedha ile atapata viatu vya baridi, jozi moja,
"lakini vya ngozi nzuri, mama."

Akavinunua.
Namba thelathini na nane, kahawia, manyoya ndani.
Babu Zenon akasema: Umeivaa nyumba yetu miguuni.
Akajibu: Basi angalau inatembea.

Na hakuacha kuweka. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa.
Mtu aliyeibiwa na hewa tupu,
asiye na mwizi wa kumshtaki,
kesho yake anaamka anagawa mshahara juu ya meza:
huu wa makaa, huu wa dawa ya kifua cha Zenon,
huu, mdogo, usiulize.
Ila hakuuweka tena mahali pamoja,
wala hakumpa mtu yeyote mwenye muhuri.
Alinilipia masomo ya hesabu jioni, kwa mwalimu aliyenuka vitunguu.
Aling'oa jino bovu mapema, kabla halijawa matatu.
Alimkopesha dada yake saruji, akalipwa asali
miaka tisa.

Tulipomzika, mjomba Wiesław alitaka kuyatupa mapazia.
Nikayashika. Yalikuwa mazito chini.
Ndani ya upindo, mshono kwa mshono:
pete mbili, sarafu ya dhahabu nyembamba kama ukucha,
noti za nchi tatu, moja ya nchi isiyokuwepo tena.
Hata pale, nikacheka makaburini kungali na udongo viatuni,
hata pale, bibi, sehemu imeoza.
Sehemu tu.

Sasa ni mimi mezani, miaka thelathini na minne,
mkopo wa nyumba umebaki miaka ishirini na mitano,
mtoto amelala, bili ya gesi iko chini ya kikombe.
Nimegawa: hii ya dharura, karibu na mkono.
Hii ya uzeeni, mbali, nisiiguse nikiwa na hasira.
Hii ya meno. Hii ya masomo.
Hii, ndogo, usiulize.
Benki inataka kujua ikate siku gani ya mwezi.
Tarehe kumi.

Nimeyatundika mapazia yake.
Ni mafupi, yamepungua shubiri moja;
alikisia vibaya, au dirisha langu ni refu
kuliko alivyothubutu kutamani.
Taa ya tramu ikipita usiku
hupenya pale chini, ikatambaa sakafuni hadi kwenye viatu
ambavyo bado vinanitosha nikivaa soksi mbili.

Swali la mwisho kwenye skrini:
Unatarajia kuishi hadi umri gani?
Kisanduku hakikubali "sijui". Nimejaribu.
Naandika tisini na mbili, umri wake.
Kompyuta inafikiri.